Ofisi kubwa ya akitekti hapa Nairobi: uingie ama uachane nayo? Wenye wamepitia wachangie

Mchora_Ngazi (mwenye uzi)

Wadau salama? Kila mwaka watu wakimaliza usanifu majengo kwa vyuo vya UoN, JKUAT na TUK naanza kuulizwa swali lilelile, nimeitwa ofisi kubwa Westlands na kuna nyingine ndogo iko Ngara, nichukue gani. Wacha niandike yote hapa mara moja. Nimefanya kazi ofisi kubwa kwa miaka, saa hii niko kwa ofisi ya watu wachache, na kuna mambo mengi mtu haambiwi mpaka ashasaini mkataba.

Kwanza tuelewane tukisema kubwa tunamaanisha nini. Huko nje kubwa ni kama Gensler, ilianzia San Francisco 1965 na leo ina maelfu ya wafanyakazi kwa miji mingi ya dunia. Hapa Nairobi ofisi ikishakuwa na watu 40 hivi, ina mtu wa HR, sava yake yenyewe na chumba cha mkutano cha vioo, sisi tayari tunaiita kubwa. Hizo ndizo hupata kazi za mabenki, mahospitali, vyuo, maofisi ya Upper Hill na zile estate kubwa za Thika Road na Mombasa Road.

Mimi nikiulizwa huwa nasema jina la ofisi liangalie mwisho kabisa. Angalia utawekwa timu gani, kwa hatua gani ya mradi, na nani atakagua kazi yako. Ofisi hiyohiyo inaweza kumjenga mtu mmoja na kumlemaza mwenzake anayekaa meza ya pili kutoka hapo, na wote wanaitwa wafanyakazi wa ofisi yenye jina.

Iko hivi. Mradi mkubwa hauchorwi na mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuna wale wa wazo la kwanza, hao ndio wanakaa na klayenti na ndio wanatengeneza zile picha tamu unaona kwa mabango. Kuna wa michoro ya kupeleka kaunti. Kuna wa michoro ya kazi, hapa ndio watu wengi wako, shiti baada ya shiti ya A1, yale makaratasi makubwa. Kuna wa saiti. Ukiingia ukiwa mgeni unawekwa mahali kuna pengo, na ukifanya vizuri pale unaachwa palepale, kwa sababu hakuna meneja wa mradi atataka kumtoa mtu anayemaliza kazi kwa wakati. Hakuna mtu anakufanyia roho mbaya, ni venye kazi yenyewe imepangwa, lakini usipoongea unaweza kukaa miaka ukichora vyoo na ngazi na siku ukitoka hujui klayenti huongeleshwa aje.

Nitoe mfano wangu. Kulikuwa na mradi wa hospitali na mimi nikapewa jedwali la milango. Mtu wa nje anaweza kudhani hiyo ni kazi ya karani. Kila mlango una namba yake, upana, urefu, unafungukia upande gani, ni wa mbao ama wa chuma, unastahimili moto dakika ngapi, una kioo cha kuchungulia ama hauna, kitasa cha aina gani, unajifunga wenyewe ama unaachwa wazi. Mlango wa wodi lazima kitanda kipite bila kugonga mtu wala ukuta. Mlango wa chumba cha eksirei una bati la risasi (ile madini nzito, lead) ndani yake, na fremu pia lazima ikingwe la sivyo mionzi inapita pembeni. Mlango wa choo cha wagonjwa unafungukia nje, kwa sababu mgonjwa akianguka ndani mwili wake unaweza kuziba mlango na watu wa kumwokoa washindwe kuingia. Hiyo ya choo nilifundishwa na sinia wangu amesimama nyuma ya kiti changu na kalamu nyekundu mkononi, na tangu hiyo siku siwezi kuchora mlango wa choo cha hospitali bila kufikiria mtu yuko ndani chini kwa sakafu.

Huo ndio uzuri wa ofisi kubwa na siwezi kuudharau. Kuna watu wamefanya hospitali nyingine kabla ya hiyo yako, wanakumbuka nini kilienda vibaya, na kuna michoro ya zamani kwa sava unaweza kufungua ukaona tatizo lako lilitatuliwa aje. Mradi huohuo lakini, mimi sikuwahi kupelekwa saiti. Nilijua kila kitasa cha lile jengo na sikuwa nimeona zege likimwagwa hata mara moja.

Kitu kingine kizuri ni ukaguzi. Angalia kile kisanduku cha pembeni mwa shiti, kuna aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Kwa ofisi iliyo na nidhamu hizo herufi ni za watu watatu tofauti na kila mmoja amesoma kweli. Huu mji wetu tunajua majengo huanguka, lile la Huruma Aprili 2016 lilienda na karibu watu 50, na kila mara uchunguzi ukifanywa unaskia hakukuwa na vibali ama kulikuwa na sehemu mtu alitakiwa kuangalia na hakuangalia. Kujifunzia mahali ambapo kukaguliwa ni kawaida kunakupa tabia utakayobeba maisha yako yote ya kazi.

Halafu kuna mambo ya kuandikishwa. Kisheria huwezi kujiita akitekti hapa Kenya kama hujaandikishwa na BORAQS, ile bodi ya maakitekti na wakadiriaji majenzi, chini ya sheria ya Cap 525, ni kosa, ndio maana mkataba wako utasema msaidizi ama graduate. Unahitaji kazi chini ya akitekti aliyeandikishwa, unahitaji logbuku, yaani daftari la kazi ulizofanya lenye saini yake, kisha mitihani. Ofisi kubwa ina wasanifu walioandikishwa kadhaa kwa hivyo wa kukusaini yuko. Ofisi ndogo uliza mapema kabisa, kwa sababu ziko ambazo mwenyewe hajaandikishwa na anaomba muhuri kwa rafiki kila akiwa na mchoro wa kupeleka kaunti, na ukikaa hapo muda wako hauhesabiki popote. Lakini hata kwa ofisi kubwa kusaini sio moja kwa moja. Logbuku inataka uonyeshe umepita hatua mbalimbali, na kama umekaa michoro ya kazi tu utajaza nini kwa ukurasa wa saiti? Hapo ndipo watu wengi hukwama na hawajui walikwama lini.

Pesa sitakaa sana. Ofisi kubwa mshahara una tarehe, payslipu iko, NSSF ya pensheni inapelekwa, SHIF ya afya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, mkopo wa chuo wa HELB unakatwa moja kwa moja, na ukienda kuomba mkopo wa Sacco unaeleweka. Ofisi ndogo mara nyingi unalipwa klayenti akilipa. Ubaya wa ofisi kubwa ni kwamba inakula kutoka kwa klayenti wachache wakubwa, na wakiwa ni serikali mnajua madeni ya wakandarasi na washauri hukaa vipi bila kulipwa. Mradi mmoja ukisimama, timu nzima iko hatarini kwa wakati mmoja.

Na masaa. Hapa nitaongea wazi kwa sababu inaniuma mpaka leo. Kulikuwa na bosi aliamini mtu akitoka saa kumi na moja jioni hapendi kazi, kwa hivyo watu walikuwa wanakaa hadi usiku hata kama hakuna dedilaini, wanangoja yeye atoke kwanza. Wasichana wa timu yetu walikuwa wanatoka Westlands usiku mkubwa kuenda Umoja na Kasarani, nauli ya teksi kutoka mfukoni mwao, na asubuhi saa mbili kamili daftari la kuingia linaangaliwa. Hiyo haimfunzi mtu usanifu. Ni kuwatumia watu wadogo kwa sababu wanaogopa kupoteza nafasi, na nataka ikomeshwe kwa hii kazi yetu.

Mlioko ndani na mlioshatoka semeni yenu.

Saiti_Kwanza

Uzi mzuri ndugu yangu, lakini umepita haraka sana kwa upande wa ofisi ndogo, wacha nijaze.

Mimi nilianzia ofisi ya watu wanne, Ngara kwelikweli, ghorofa ya tatu juu ya duka la spea. Mwezi wa kwanza tu nikatumwa Ruaka kwa flati ya ghorofa tano. Fundi akaniuliza, hii hatua ya kwanza ya ngazi nipime kutoka kwa zege ama kutoka kwa taili? Chuo nilikuwa nimechora ngazi nyingi na hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivyo. Sasa fikiria, sakafu itawekwa skridi (ile simiti ya kusawazisha) na taili, jumla inaweza kufika milimita 50, na ngazi zenyewe zinapakwa terazo nyembamba. Kama umepima zege kwa zege, hatua ya kwanza inabaki fupi na ya mwisho kule juu inakuwa ndefu, na mguu wa mtu umezoea hatua moja, hapo ndipo watoto na wazee huanguka. Nikampigia bosi, akaja na pikipiki, tukakaa na fundi kwenye rundo la mawe ya Ndarugo tukahesabu upya sisi watatu. Hiyo kitu haitoki kwa kichwa changu.

Ofisi ndogo pia nilijua kaunti. Kupandisha michoro kwa mfumo wao wa mtandaoni, kusoma maoni ya maafisa, kurudi na majibu, kuandikisha mradi kwa NCA, mamlaka ya ujenzi, kufuatilia leseni ya mazingira ya NEMA. Rafiki zangu wa ofisi kubwa walikuwa na mtu maalum wa kufanya hayo yote, na walipofungua ofisi zao wakaanza kunipigia simu wakiuliza wapi pa kuanzia.

Ila nakubali kwa ukaguzi. Kwetu bosi alikuwa mzuri sana lakini ni mtu mmoja, akiwa saiti Kitengela na kuna mchoro unatakiwa kutoka leo, ulitoka hivyohivyo.

QS_Balasti

Mimi ni QS, mkadiriaji wa gharama za ujenzi, kwa hivyo naona michoro ya kila mtu ikija kuhesabiwa.

Tofauti naiona kwa besimenti. Chukua jengo la ofisi Upper Hill, chini kuna maegesho. Akitekti amechora urefu vizuri, injinia wa jengo ameweka boriti, wa mitambo amepitisha mfereji wa hewa chini ya boriti, wa maji ya kuzima moto ameweka bomba zake chini ya mfereji. Kila mchoro peke yake uko sawa. Ukiziweka pamoja gari yenye kimo kirefu haipiti. Ofisi kubwa zenye wanatumia programu za kuchorea kama Revit ama ArchiCAD vizuri na wanakaa na mainjinia kila wiki, hiyo inaonekana ikiwa bado kwa kompyuta, inabadilishwa kwa siku chache. Ikionekana wakati kontrakta ashafunga boksi za mbao za kumwagia zege la boriti, hiyo ni maagizo mapya, ni madai ya muda, ni pesa ya klayenti, na mabishano ya nani atalipa.

Sasa wale vijana wanakaa kwa hiyo mikutano hata kama ni kuandika minitsi tu, wanajifunza kitu ambacho ni ngumu kupata kwingine. Ukiwa ofisi kubwa na ukiambiwa uende kuandika minitsi usione umedharauliwa, nenda. Utaskia injinia wa umeme akieleza kwa nini anataka chumba kikubwa hivyo cha jenereta, utaskia klayenti akikataa, na utaona akitekti mkuu akitafuta njia katikati.

Binti_wa_Kayole

Habari wadau. Nimemaliza masomo, nimeitwa intavyu ofisi moja kubwa wiki ijayo, sitaitaja. Nimesoma hii uzi mara mbili nikaogopa kidogo. Kwa upande mmoja nataka sana hizo hospitali, ndio kitu nilifanyia mradi wangu wa mwisho, kwa upande mwingine sitaki kuwa mtu wa kuchora vyoo miaka mitatu. Pia natoka mbali, usiku ni shida ya kweli kwetu. Niulize nini bila kuonekana mjuaji?

Mzee_wa_Tiskwea

Vijana wangu, nimesoma kwa makini. Mimi nilianza wakati tunachora na kalamu za wino juu ya karatasi ya kupenyeza mwanga, ukikosea unakwangua na wembe. Nimefanya kazi ofisi kubwa karibu maisha yangu yote, na sikubaliani kabisa na mwenye uzi anaposema kukaa sehemu moja ni kulemaa.

Kuna majengo hayawezi kufanywa na watu wanaojua kila kitu kidogokidogo. Hospitali ya rufaa, uwanja wa ndege, maabara. Hayo yanataka mtu ambaye amechora vyumba vya upasuaji mpaka anajua hewa inaingilia wapi na kutokea wapi bila kufungua kitabu. Mtu huyo ametoka wapi? Ametoka kwa kukaa. Tazameni KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi. Watu wanamtaja Karl Henrik Nøstvik yule Mnorwe na David Mutiso aliyekuwa akitekti mkuu wa Wizara ya Ujenzi, na wanastahili kutajwa. Lakini ghorofa 28, ile ukumbi wa duara, mpaka ikawa tayari mwaka 1973 kwa mkutano wa Benki ya Dunia, ilibebwa na ofisi nzima. Kuna watu walichora lifti, kuna waliochora dari, hakuna anayewajua leo na kazi yao bado imesimama. Mimi sioni aibu kwa hilo.

Na sasa kuna kanuni mpya za ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968 tulizozizoea. Ofisi kubwa inaweza kumtoa mtu mmoja azisome zote, awafundishe wengine. Ofisi ya watu watatu nani ana huo muda?

Ya masaa hapo nakuunga mkono mwenye uzi, kabisa. Sisi tulilala ofisini tukaambiwa ndio kukomaa. Afya za wenzangu wengi ziliishia pale. Msirithi hiyo.

Mchora_Ngazi (mwenye uzi)

Mzee wetu asante sana kwa kuingia. Nimekuelewa, na kwa wenye wamechagua kubobea uko sahihi. Pingamizi yangu iko mahali pamoja tu, mtu achague mwenyewe. Yule aliyechora vyumba vya upasuaji kwa sababu anavipenda ni tofauti na aliyeachwa hapo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumuuliza, na logbuku yake iko na nafasi wazi ambazo zinamzuia kukaa mtihani na wenzake.

@Binti_wa_Kayole dadangu usiogope, hayo maswali wenye ofisi wazuri huwa wanayafurahia. Uliza mradi gani unaanza nao na uko hatua gani. Kama uko karibu kuanza ujenzi, uliza kama msaidizi huenda kwa mikutano ya saiti. Uliza nani atasaini logbuku yako na anakaa ofisi hiyo kweli ama anakuja mara moja kwa mwezi. Uliza waliojiunga mwaka juzi wamefika wapi, wangapi washafanya mitihani ya BORAQS, hapo utaona uso wa mtu ukibadilika kama hawajawahi kufikiria. Kisha uliza moja kwa moja, kukiwa na dedilaini ya usiku ofisi inapanga usafiri? Hilo ni swali la usalama, mtu yeyote mwenye akili ataliheshimu.

Na kama unaweza, ongea na mtu wa chini kabisa pale, si mkubwa aliyekuita. Mngoje wakitoka lanchi. Yeye ndiye atakwambia ukweli wa saa kumi na moja jioni.

Saiti_Kwanza

Ongezea hapo, aombe kuonyeshwa shiti moja ya michoro ya kazi. Ukiangalia kile kisanduku cha pembeni, kama aliyechora na aliyekagua ni herufi za mtu mmoja, ushajua.

Wakili_Matofali

Mimi si msanifu, nafanya mambo ya ajira, lakini mume wangu ni msanifu kwa hivyo haya naishi nayo nyumbani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inawalinda zaidi ya venye mnadhani. Kazi ya miezi mitatu na zaidi lazima mkataba uwe wa maandishi, na uonyeshe saa za kazi. Majaribio hayafai kuzidi miezi 6, yanaweza kuongezwa ukikubali lakini jumla isipite miezi 12, kwa hivyo hizi hadithi za mtu kuwa kwa majaribio miaka miwili hazina msingi. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi na malipo kamili. Ofisi ikipunguza watu kwa sababu mradi umesimama, unastahili notisi ya mwezi usiopungua mmoja na kiinua mgongo cha siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliofanya. Watu wanaambiwa Ijumaa wasirudi Jumatatu na wananyamaza kwa kuogopa kuharibu jina kwa hii kazi yenu ndogo ambayo kila mtu anajuana.

Hata huko mnakoona mbele, mambo ni hayohayo. New York, Desemba 2021 wafanyakazi wa SHoP Architects walitangaza wanataka chama cha wafanyakazi, sababu kubwa ikiwa masaa marefu, na Februari 2022 wakaondoa ombi. Mwaka huohuo wa 2022 wale wa ofisi nyingine ndogo ya hapohapo, Bernheimer Architecture, walipata chama na mwenye ofisi akakubali mwenyewe.

Pembe_ya_Dari

Niingilie kwa wenye wanadhani ofisi ndogo ni mahali pa kungojea tu. Cave_bureau ni ya hapahapa Nairobi, Kabage Karanja na Stella Mutegi walianzisha 2014, wanafanya utafiti wa mapango ya kwetu, na 2025 walikuwa kati ya waliosimamia jumba la Uingereza kwa maonyesho ya usanifu kule Venice. Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijijini kwao Gando akiwa bado mwanafunzi Ujerumani, ikaisha 2001, na 2022 akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani. Ile kampasi ya Startup Lions kule Turkana ni kazi yake, ina minara mirefu ya kutoa hewa moto juu na kuvuta baridi chini, wameiga vichuguu vya mchwa vya hukohuko. Ukitaka kufikiria kama hivyo, jedwali la milango halitakupeleka, na nasema hivyo bila kumdharau mtu.

Mchora_Ngazi (mwenye uzi)

Pembe nakuskia na hao watu nawaheshimu sana. Lakini hata kampasi ya Turkana ina milango, na kuna mtu aliikalia chini akaamua itafungukia wapi. Mimi nadhani miaka miwili mitatu ya kujua hivyo vitu vidogo inamfaa hata yule anayetaka kufungua ofisi ya mawazo makubwa. Asikae kumi tu kama moyo wake hauko hapo.

Binti_wa_Kayole

Asanteni wote, kweli. Nimerudi kutoka intavyu. Niliuliza yote, hata ya usafiri. Ya usafiri wakasema ofisi hulipa teksi ikipita saa mbili usiku, na mama mmoja wa HR akaiandika kwa barua yangu bila shida. Mradi ni hospitali ya kaunti, uko michoro ya kazi, saiti wanasema naweza kuenda ujenzi ukianza lakini hiyo hawakuandika, wakasema ni ya kuelewana. Logbuku kuna akitekti wawili wa kusaini. Nilionyeshwa shiti, herufi ni tatu tofauti. Naelekea kukubali. Swali la mwisho, nikikaa hapo miaka miwili na nitoke, hiyo michoro naweza kuweka kwa potifolio yangu? Nimeskia watu wamegombana sana juu ya hilo.

Saiti_Kwanza

Hongera sana! Hiyo ya saiti watumie barua pepe leo, sema asante kwa kikao na kwa kukubali niende mikutano ya saiti ujenzi ukianza. Wakijibu sawa, ushaandikiwa.

Wakili_Matofali

Hongera mwanangu. Ya potifolio, sheria yetu ya hakimiliki inasema kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, kama mkataba hausemi vingine, ni mali ya mwajiri, na michoro ya majengo imo ndani. Kwa hivyo usibebe mafaili kwa flashi siku ya kutoka, hapo ndipo ugomvi huanzia. Kabla ya kusaini omba waongeze sentensi moja kwa mkataba, kwamba unaweza kuonyesha kazi ulizoshiriki kwa potifolio ya kutafuta kazi, bila zile klayenti ametaka zifichwe. Ofisi nyingi hazikatai. Hospitali uwe mwangalifu zaidi, kuna vyumba ambavyo kwa usalama mpango wake haufai kuzunguka mtandaoni. Chini ya kila shiti andika wewe ulifanya nini hasa, milango, ngazi, chochote, na jina la ofisi liwe juu. Na ukienda kutoka, ruhusa iombe kwa maandishi siku unapotoa notisi, ukiwa bado una barua pepe ya ofisi na watu bado wanakusalimia vizuri.